Kazi na chuo: Mwanafunzi ahesabu saa kabla ya shilingi

KILA vyuo vinapokaribia kufunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, stendi ya Msamvu mjini Morogoro hupokea vijana wenye mabegi, magodoro na ndoo. Wapo wanaokwenda Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), wapo wa Chuo Kikuu cha Waislamu, na wapo wanaopanda tena gari kuelekea Mzumbe, kwenye barabara ya Iringa. Nyuma ya wengi wao yupo mzazi aliyeuza mahindi, mbuzi au kabichi ili ada ipatikane.

Wiki chache baadaye simu hupigwa nyumbani. Tuchukue mfano wa kijana ambaye wazazi wake wanalima kabichi na karoti huko Mgeta. Anamwambia baba yake kuwa kuna duka la kutoa kopi karibu na chuo, mwenye duka anamtaka awe anashika zamu ya jioni. Anauliza, akubali au aache?

Wazazi wengi hujibu kwa haraka. Wapo wanaosema, "Shika hiyo kazi mwanangu, huku hali ni ngumu." Wapo wanaosema, "Nimekupeleka kusoma, sikukupeleka kuuza duka." Majibu yote mawili yanaweza kuwa sahihi, na yote mawili yanaweza kumharibia kijana. Wahenga walisema njia mbili zilimshinda fisi. Lakini mkulima anayechanganya mahindi na maharage katika shamba moja anajua kuwa mawili yanawezekana, mradi nafasi zipimwe. Kipimo cha mwanafunzi ni saa.

Mzigo ulivyomfikia kijana

Zamani swali hili halikuwa kubwa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alipita Jeshi la Kujenga Taifa na kufanya kazi kwa miaka isiyopungua miwili kabla ya kuingia chuo kikuu. Kazi ilitangulia, masomo yakafuata, na alipokuwa chuoni Serikali ilimlipia.

Utaratibu huo ulilegezwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1992 ukaanza mpango wa kuchangia gharama za elimu ya juu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Tangu hapo fedha ambayo mwanafunzi anaiita "bumu" ni deni. Akipata ajira atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi deni liishe.

Fedha ya chakula na malazi katika mkopo huo ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kutoka Sh8,500 hadi Sh10,000 kwa siku. Kwa anayepanga chumba mtaani, kiasi hicho kinabeba pango, chakula, nauli na sabuni. Asiye na mkopo anategemea nyumbani moja kwa moja. Ndiyo maana vijana wengi hutafuta kibarua, na si haki kuwaita wapenda fedha.

Wiki ina saa 168

Tuanze na mtaji wenyewe. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), masomo hupimwa kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una krediti 120, yaani saa 1,200. Humo zimo saa za mihadhara, semina, maabara, kujisomea na mitihani.

Tukichukua mwaka wenye mihula miwili ya wiki 17 kila mmoja, tunapata wiki 34. Gawanya saa 1,200 kwa 34, unapata saa 35 na ushee kila wiki. Kwa hiyo mzazi aelewe kuwa mwanawe tayari ana kazi inayokaribia ajira kamili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na mwanafunzi anayesoma ipasavyo hayuko mbali na hapo kabla hajashika kazi nyingine yoyote.

Sasa tufanye hesabu ya dukani. Wiki ina saa 168. Toa 49 za kulala, yaani saa saba kila usiku. Toa 35 za masomo. Toa nyingine 28 za kupika, kufua, kula, kusali na kutembea, yaani saa nne kila siku. Zinabaki saa 56.

Hapa ndipo vijana wengi hudanganyika. Saa 56 zinaonekana nyingi, lakini hazijakaa pamoja. Ratiba za vyuo vikubwa huanza saa moja asubuhi na huweza kuendelea hadi usiku, huku katikati pakiwa na mapengo ya saa moja moja. Pengo kama hilo halitoshi kwenda mjini, kushika zamu na kurudi. Muda unaoweza kuuzwa ni ule uliokaa pamoja, mfano saa mbili za jioni kwa siku nne au tano, na saa tano au sita za Jumamosi. Jumla yake ni kama saa 13 hadi 16.

Kwa sababu hiyo, kikomo cha saa 15 kwa wiki ni kipimo kizuri cha kuanzia kwa mwanafunzi wa kutwa, na wa mwaka wa kwanza aanze na 10. Hata nchi zilizozoea wanafunzi wanaofanya kazi zina mipaka yake. Uingereza, kwa kawaida, humruhusu mwanafunzi wa shahada kutoka nje ya nchi kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa muhula.

Sapu moja ni shilingi ngapi?

Mfanyabiashara hapimi biashara kwa mauzo peke yake, hutazama pia kinachoweza kupotea. Tuseme mwenye duka la kopi anamlipa kijana wetu Sh1,000 kwa saa. Akifanya saa 15 kwa wiki, kwa wiki 17 atapata Sh255,000. Akiongeza hadi saa 35 kwa wiki atapata Sh595,000. Tofauti ni Sh340,000 kwa muhula, fedha ambayo kwa mtoto wa mkulima si ndogo.

Lakini saa 20 zilizoongezwa zimetoka mahali. Zimetoka kwenye usingizi, au kwenye kujisomea, au kwenye vipindi vyenyewe. Katika vyuo vyetu vingi alama 40 hutokana na majaribio na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Aliyekosa jaribio moja la alama 15 kwa sababu ya zamu anabaki na alama 85 za kutafuta. Ili apate daraja la B+, linaloanzia alama 60, itabidi apate asilimia 71 ya kila kilichobaki, wakati mwenzake alihitaji 60 tu.

Akishindwa somo, anarudia mtihani, ambao wanafunzi huuita "sapu". Katika vyuo vingi aliyefaulu sapu huandikiwa C tu, hata kama amepata 80. Akishindwa tena hulibeba somo hadi litakapofundishwa tena, ambako mara nyingi ni mwaka unaofuata. Kwa aliye mwaka wa mwisho, hiyo inaweza kumaanisha kukaa mwaka mzima akisubiri somo moja.

Tuweke mwaka huo kwenye daftari. Tuseme ada ni Sh1,300,000. Kuishi kwa Sh10,000 kwa siku, kwa wiki 34, ni Sh2,380,000. Tuseme pia kazi ambayo angeipata ingemlipa Sh600,000 kwa mwezi, hivyo kwa mwaka amekosa Sh7,200,000. Jumla ni Sh10,880,000. Hata tukiondoa mshahara kwa kuwa ajira si ya uhakika, bado ni Sh3,680,000 zilizotoka mfukoni, kwa sababu ya kutafuta Sh340,000 za ziada katika muhula mmoja.

Hii haina maana kuwa kila anayefanya kazi nyingi hushindwa. Wapo wanaofaulu. Lakini mkulima hapandi shamba lote mbegu moja eti kwa sababu jirani alivuna.

Kazi gani inamfaa mwanafunzi

Swali la kujiuliza ni moja: kazi hii hupamba moto lini? Kama inapamba moto wakati uleule ambao mitihani inapamba moto, mtagombana nayo.

Duka la kopi ni mfano mzuri. Liko karibu na chuo, lina kivuli, na mwanafunzi anaweza kusoma kukiwa hakuna wateja. Lakini wateja wake wakubwa ni wanafunzi wenzake, nao hujaa wakati wa majaribio na mitihani wakitafuta maswali ya nyuma na kuchapa kazi zao. Wiki ambayo mwenye duka anamhitaji sana kijana ndiyo wiki ambayo kijana anahitaji sana vitabu. Jambo hili lizungumzwe siku ya kwanza, lisisubiri siku ya ugomvi.

Kufundisha tuisheni kuna mwenendo tofauti. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba na wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Wazazi hutafuta walimu wa ziada katika miezi ambayo vyuo vimefungwa au ndiyo kwanza vinafunguliwa, wakati mitihani ya vyuo kwa kawaida huangukia mwanzoni na katikati ya mwaka. Tuisheni hulipwa kwa saa, haihitaji mtaji, na inamkumbusha mwalimu mwenyewe hesabu na fizikia.

Kuuza mitumba, viatu au vyombo vya chumbani hutegemea bumu. Likitoka, mzigo huisha kwa siku chache. Likichelewa, mzigo unalala. Asiyekuwa na akiba asiingie humo. Kuna vijana wanaochukua bumu lenyewe na kulifanya mtaji. Fedha ya siku 60 ni Sh600,000, na ni chakula cha siku 60. Ikinunua viatu visivyouzwa, mwezi wa pili kijana atakula nini? Mtaji utoke kwenye ujira wa kazi au akiba, bumu libaki kuwa la chakula.

Uwakala wa fedha kwa simu umeenea tangu huduma ya M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008. Mwanafunzi anaweza kuajiriwa kwenye kibanda, lakini ajue kuwa anashika fedha ya mtu. Upungufu wa jioni humwangukia yeye. Aandike fedha taslimu na salio la simu anapopokea zamu na anapoikabidhi, na mwenye kibanda asaini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ufugaji na bustani

Kwa kuwa wengi wa wasomaji wetu ni wakulima, watoto wao hupenda kuanza na wanachokijua. Hili ni jema, ila mifugo na mimea haijui ratiba ya mtihani.

Kuku wa nyama hukaa bandani kama wiki tano hadi sita kabla ya kuuzwa. Wiki mbili za mwanzo vifaranga wanahitaji joto usiku na mchana, chanjo kwa tarehe yake, na mtu wa kuwatazama. Anayetaka kuwafuga aanze na kalenda ya chuo, ahesabu kurudi nyuma, na ahakikishe kundi limeuzwa angalau wiki mbili kabla ya mitihani. Asiingize kundi jipya hadi atakapomaliza karatasi ya mwisho. Kufuga peke yake ni hatari. Watatu wanaopokezana zamu wana nafuu, mradi wawe wanasoma kozi tofauti ili majaribio yao yasigongane.

Mchicha huanza kuvunwa wiki ya tatu au ya nne na unataka maji asubuhi na jioni. Tuta dogo karibu na chumba halimchukui mtu zaidi ya nusu saa kwa siku. Ekari moja ng'ambo ya mji ni jambo jingine, maana humla mtu nauli na muda.

Likizo ndefu ndiyo shamba

Mwanafunzi mtoto wa mkulima ana nafasi ambayo wengi hawaitumii. Likizo ndefu ya vyuo huangukia kati ya Julai au Agosti na Oktoba. Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, kama Iringa, Njombe, Mbeya, Ruvuma na Rukwa, huo ndio wakati wa kuvuna, kupukuchua na kuuza mahindi. Katika likizo anaweza kufanya kazi saa 45 kwa wiki bila kuiba saa hata moja ya masomo. Wiki nane za namna hiyo ni saa 360, zaidi ya saa 255 za kibarua cha muhula mzima.

Aidha, bei ya mahindi kwa kawaida huwa chini wakati wa mavuno na hupanda kuanzia Desemba hadi Machi. Ujira wa likizo ukinunua magunia machache, yakakaushwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa ili dumuzi wasiyale, yatakaa nyumbani chini ya macho ya wazazi wakati mwenyewe yuko darasani. Yakiuzwa Januari au Februari, fedha inafika katikati ya mwaka wa masomo, wakati mifuko imekauka.

Tahadhari ni kwamba bei haipandi kila mwaka. Baada ya Serikali kuzuia kuuza mahindi nje ya nchi mwaka 2017, waliohifadhi wakisubiri bei walijikuta wakiuza kwa hasara msimu uliofuata. Asiweke fedha yote ya ada humo.

Kwa anayemwajiri mwanafunzi

Wafanyabiashara wadogo wanaoishi jirani na vyuo nao wana faida ya kupata. Mwanafunzi anajua kuandika, anajua kompyuta, na analeta wateja. Lakini mwenye duka anayemtaka kutoka asubuhi hadi usiku atampata kwa mwezi mmoja na kumpoteza wa pili.

Njia nzuri ni kuchukua wanafunzi wawili kwa nafasi moja, wa kozi tofauti, kila mmoja akashika siku zake. Waombe ratiba ya vipindi na ya mitihani mwanzoni mwa muhula, ibandike ukutani. Kwa wiki za mitihani tafuta mtu wa kushikilia, hata kama ni ndugu, kisha likizo umrudishie mwanafunzi wako saa nyingi zaidi.

Makubaliano yaandikwe. Sheria ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi kuhusu kazi, saa na malipo, isipokuwa anayefanya kazi chini ya siku sita kwa mwezi. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia tano ya ujira wa msingi kwa kila saa. Kijana anayefunga duka saa nne usiku ana haki hiyo, na vilevile anahitaji njia salama ya kurudi, hasa akiwa binti.

Na mfanyabiashara anayetaka kusoma

Wapo walio upande wa pili wa mzani: mama mwenye duka, au fundi mwenye watoto, anayetaka shahada. Kwake kazi ndiyo ya kwanza, na asijilazimishe ratiba ya kutwa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina vituo mikoani na humruhusu mtu kusoma akiwa kwake. Vyuo vingine vina masomo ya jioni. Hesabu ni ileile kwa kugeuza: akipata saa 15 tu za kusoma kwa wiki, asichukue mzigo wa saa 35. Achukue masomo machache kwa mwaka, amalize kwa miaka mingi zaidi, na duka lisife.

Jibu la simu

Tumrudie baba wa Mgeta aliyeachwa na simu mkononi. Kabla hajasema ndiyo au hapana, amwombe mwanawe mambo manne. Kwanza, amtajie siku na saa za zamu, na jumla yake kwa wiki isizidi 15. Pili, amweleze mwenye duka tarehe za majaribio na mitihani na kukubaliana, kwa maandishi, kuwa wiki hizo hatafanya kazi. Tatu, awe na daftari lenye kurasa mbili, moja ya fedha iliyoingia na nyingine ya saa alizosoma. Nne, matokeo ya muhula wa kwanza yakionyesha sapu, kazi isimame hadi somo lilipwe.

Baba naye ana sharti lake. Asimtake kijana atume fedha nyumbani kila mwezi kwa kuwa sasa "anafanya kazi". Ujira wa saa 15 unatosha nauli, karatasi na mboga, hautoshi kulea familia. Akianza kudaiwa michango ya kijijini, ataongeza zamu kimyakimya, na mzazi ataijua siku matokeo yatakapotoka.

Kama mwenye duka atakataa masharti hayo, kijana aiache kazi hiyo na atafute tuisheni, au asubiri Julai arudi shambani. Kabichi za Mgeta bado zitahitaji mikono, na saa za likizo ni za kwake mwenyewe.